Mwanamume Hafunui Chungu

Sijawahi kuiheshimu hoteli. Nimekaribishwa katika hoteli zenye vitambaa mezani na wahudumu wenye kofia nyeupe, na kila nikikaa najiuliza ni mjinga gani aliyewaambia watu kwamba maharagwe huwa matamu zaidi ukipikiwa na mtu usiyemjua, tena kwa bei mara tatu. Watoto wangu husema mimi ni bahili. Waseme. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Mimi siisifu, lakini ilininyea, kwa sababu niliolewa na mwanamume wa hotelini.

Tulikaa Ruiru, katikati ya miaka ya hamsini, siku za hali ya hatari, za pasi na kafyu. Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la Mhindi muuza vitambaa, na ubavuni mwa chumba hicho jiko langu la mabati, la kuingia ukiwa umeinama. Mume wangu alikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha Thika. Kazi yake ilikuwa kutazama mshale wa mizani na kuandika namba, na kwa kazi hiyo alivaa koti na tai. Asubuhi alipanda gari moshi, jioni akarudi kabla ya kafyu, na kati ya kwenda na kurudi kulikuwa na jambo moja lililompa maana ya maisha yake, nalo ni chakula cha mchana.

Mwanzoni mwa ndoa nilimfungia chakula cha kwenda nacho. Viazi vitamu, au nduma, yaani magimbi, au githeri ya mahindi na maharagwe iliyokaangwa kwa kitunguu, ndani ya kopo safi lenye mfuniko. Kopo lenyewe nililifunga kwa kitambaa nilichokitarizi kwa mkono wangu, maua mekundu pembe zote nne. Alilibeba siku mbili. Siku ya tatu nililikuta limefichwa nyuma ya pipa la maji, chakula kimo ndani, kimeanza kuchacha.

"Mbona umeacha chakula?" nilimwuliza jioni.

"Atiriri," alisema, maana kila neno alilotaka lionekane zito alilianza hivyo, "mtu wa ofisi hawezi kubeba kopo kama mtu wa mkonge."

Watu wa mkonge walikuwa vibarua wa mashamba ya katani yaliyoizunguka Thika. Walikula kutoka makopo yao, wakashiba, wakapeleka mshahara nyumbani. Mume wangu aliwaonea huruma. Mimi nililiosha lile kopo, nikakikunja kitambaa changu, nikaviweka jikoni, wala sikumfungia chakula tena.

Makarani wa mezani kwake walikuwa sita, na meza yao ilikuwa katika hoteli moja karibu na stesheni ya Thika, dirishani. Sijui kama chakula cha dirishani kilikuwa kizuri kuliko cha ndani. Ninachojua ni kwamba aliyepita barabarani aliweza kuona nani anakula nini, na hilo ndilo lililouzwa pale. Nilipita hapo mara moja nilipokwenda Thika kununua mbegu, nikawaona: tai sita, sahani sita, na kila mtu amekaa wima kama anapigwa picha. Mume wangu alitazama nje moja kwa moja nilipokuwa nimesimama na mzigo wangu mgongoni. Hakuniona. Alikuwa ameshughulika kuonekana.

Walikula kwa zamu. Leo huyu analipia meza nzima, kesho yule. Mume wangu alinieleza utaratibu huo kwa fahari, utadhani ndiye aliyeubuni.

"Siku tano nakula bure," alisema. "Siku moja tu ndiyo nalipa."

"Na hiyo siku moja unalipia watu wangapi?"

Akaniambia mambo ya ofisi sitayaelewa.

Niliyaelewa vizuri sana. Mtu anayelipiwa na mwenzake haagizi chai na andazi. Anaagiza karanga ya mbuzi, ile nyama ya kukaangwa, na chapati mbili, kisha anamwita mhudumu amwongezee mchuzi, na kesho yake mwenzake naye analipiza. Kila mmoja alikuwa akiutafuna mshahara wa mwenzake huku akicheka. Na hakuna aliyeweza kujitoa. Anayejitoa baada ya kula vya wenzake ataitwa mwizi, na anayejitoa baada ya kulisha wenzake amepata hasara. Basi wakabaki pale, wanaume sita waliosoma, wamefungwa kamba moja kama mbuzi wa mnada, na kamba yenyewe waliisokota wao.

Halafu kulikuwa na kijiti. Hoteli iliweka mezani glasi ya vijiti vya kuchokonolea meno, na mume wangu alikuja nyumbani na kimoja mdomoni kila jioni. Vingine vya akiba vilikaa katika mfuko wa juu wa koti, mahali ambapo mtu mwenye akili huweka kalamu. Alishuka nacho garini, akapita nacho mbele ya duka la Mhindi, taratibu, ili wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye mfereji wajue kwamba huyu mtu amekula nyama. Mwisho wa mwezi hata meza ya dirishani ilikunywa chai tupu, lakini kijiti kilikuja vilevile. Nilimdharau kwa mambo mengi, na nikitaka kuyafupisha nasema kijiti.

Kila Jumamosi aliniachia pesa ya matumizi, na kila Jumamosi alirudia maneno yale yale: ninunue nyama, asije akaonekana mtu asiyelisha watoto wake. Nyama ya nini? Yake ilikuwa imekwisha kuliwa Thika. Jioni aliidonoa sahani yangu kidogo, akasema haina ladha, akalala. Nami nikaacha kuinunua. Mahindi na maharagwe nilinunua kwa debe wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Mboga za terere na managu nilichuma kando ya reli, na majani ya malenge yalitambaa yenyewe nyuma ya ghala la Mhindi. Kuni nilipata kwenye mashamba ya kahawa ya wazungu. Siku za kupogoa waliruhusu wanawake kuokota matawi, na kuni ya mti wa kahawa huwaka polepole, inafaa sana kwa chakula cha kuchemka mchana kutwa.

Jumapili nilichemsha githeri chungu kizima. Jumatatu tuliila na chumvi tu. Jumanne niliikaanga kwa kitunguu. Jumatano niliiponda na viazi na majani ya malenge ikawa mukimo. Kila jioni niliichemsha upya isichache. Zikabaki siku za ugali na mboga, na siku za uji mzito na ndizi za kuchoma. Watoto wangu, binti mkubwa na wadogo zake wawili, waling'aa ngozi. Yeye mla karanga alikuwa na kitambi na uso wa mtu aliyelala vibaya.

Kilichobaki cha pesa ya nyama nilikiweka. Wanaosema haba na haba hujaza kibaba hawakuambii kibaba chenyewe ukifiche wapi. Godoro halikufaa, maana askari wa msako waliingia saa yoyote na kulichana. Sanduku lilikuwa la mume wangu, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Lakini kwetu mwanamume hafunui chungu. Kuchoma nyama ni kazi ya wanaume, huko nje, kwa kelele na masimulizi mengi. Mafiga, chungu, na kilichomo chunguni ni vya mwanamke. Mwanamume anayeingia jikoni kuchungulia chungu, hata akiwa na njaa namna gani, anageuka kichekesho, na watoto wa jirani watamtungia wimbo. Hata wale askari, waliotupa nguo zetu nje kwenye matope, walipofika jikoni kwangu walisimama mlangoni, wakatazama vyungu, wakaondoka. Nao walizaliwa na mama, wakafundishwa.

Nilikuwa na vyungu vitatu ubaoni. Cha kwanza cha githeri, cha pili cha uji, na cha tatu kilikuwa na ufa. Binti yangu nilimkataza kukigusa, nikamwambia kitampasukia mkononi. Humo nilitandika kile kitambaa cha maua mekundu, na juu yake nikaweka senti, kisha shilingi, kisha noti. Mfuniko niliuweka umeinama kidogo upande wa ukutani, ili nijue kama umeguswa.

Pesa hizo zilikuwa za binti yangu. Alikuwa darasa la nne, na mwisho wa darasa la nne kulikuwa na mtihani. Aliyeanguka alirudi nyumbani, aliyefaulu aliendelea, na msichana aliyefaulu mara nyingi alirudi nyumbani vilevile. Alifaulu. Shule iliyomchukua ilikuwa ya bweni, ya wamisionari, mbele ya Thika, na ilitaka karo, blanketi, sare na sanduku la bati. Mwalimu wake alikuja mwenyewe kutuambia, akakaa kwenye kitanda chetu, akasema asipopelekwa Januari nafasi yake atapewa mwingine.

Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kijiti kikitembea kutoka upande mmoja wa mdomo hadi wa pili.

"Atiriri, mwalimu. Pesa sina. Na msichana atasoma nini huko ambacho mama yake hawezi kumfundisha hapa jikoni?"

Nilikitazama kile kijiti. Nilikuwa na hasira mpaka ikabidi niikalie mikono yangu. Mwalimu alipoondoka nilimwita binti yangu nje, akiwa amevimba macho, nikamwambia, "Utakwenda. Usiniulize kwa njia gani." Hakuuliza. Alikuwa mtoto wa maneno machache, na hilo hakulirithi kwa baba yake.

Ulipofika mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, zamu ya mezani ikamwangukia mume wangu akiwa mkavu. Mshahara alikuwa amekwisha kuula kabla haujatoka. Akarudi Ijumaa, akavua koti, akakaa.

"Atiriri. Jumapili tuko na wageni. Makarani. Hii zamu yangu nitaifanyia hapa nyumbani." Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Unajua, kupika nyumbani inaokoa pesa."

Nilitaka kucheka, nikataka kumtupia mwiko, nikaishia kuuliza, "Watakula nini?"

"Kuku. Chapati. Karanga kidogo."

"Na pesa?"

"Mwanamke hodari hakosi," alisema, akalala.

Jumamosi nilikaa jikoni nikikitazama chungu cha tatu. Pesa zilikuwa zimetimia, zimetimia tu, bila ziada. Kuku wawili, unga wa ngano na mafuta vingekula blanketi na sare, na shule haimpokei mtoto asiye na blanketi. Kama ningewalisha wale watu walivyozoea kulishwa, binti yangu angebaki akipuliza moto wangu mpaka atakapoolewa na karani. Hilo la mwisho ndilo lililoniudhi zaidi. Nikaamua wale tunachokula sisi.

Wakaja mchana, wamevaa tai siku ya Jumapili. Mhindi alituazima makasha ya kukalia. Niliwapelekea mukimo, na terere iliyokaangwa, na chai. Mume wangu alizitazama sahani kwanza, kisha mimi.

"Nyama bado iko jikoni?"

"Nyama iko Thika," nikasema.

Walidhani natania, wakacheka, na kwa kuwa walikuwa na njaa wakaanza kula. Wakaimaliza. Walikomba sahani kwa vidole, watu wale wale ambao dirishani walikata chapati kwa kisu. Sikuwapenda zaidi kwa sababu hiyo.

Kati yao alikuwamo kapera mmoja mnene, aliyepanga chumba upande wa Gitothua, hapo hapo Ruiru, na kupanda gari moja na mume wangu. Huyu alilelewa na wamisionari tangu utotoni, hakuwahi kukaa jikoni kwa mama wa kumfundisha haya. Hotelini alizoea kuinuka na sahani yake kufuata nyongeza. Basi nilipokuwa nikiwamwagia wenzake maji ya kunawa, nikasikia mfuniko ukigusa ubao. Kila mwanamke anaijua sauti ya mfuniko wake. Nililiacha birika mikononi mwa mtu, nikakimbia.

Alikuwa amesimama pale, sahani mkono mmoja, mfuniko wa chungu cha tatu mkono wa pili.

"Mama," alisema polepole, "hii chungu iko na pesa."

"Iko na ufa. Rudisha mfuniko."

Akaurudisha, vibaya. Nikamnyang'anya sahani, nikaijaza mpaka ikataka kumwagika, nikamrudishia.

"Kula, baba, na ufunge mdomo."

"Mimi ni kaburi, mama," akasema, mdomo tayari umejaa.

Kaburi la dirishani. Debe tupu haliachi kuvuma, na nilijua lile lingevuma Jumatatu saa ya chakula. Nilifikiri kuzihamisha zile pesa. Nizipeleke wapi? Kila mahali pengine katika chumba kile palikuwa pa mwanamume au pa askari. Na tena nikakasirika. Chungu kilikuwa changu. Sikuona kwa nini nikimbizane na mali yangu chumbani mwangu kwa sababu ya mlafi mmoja. Niliuweka mfuniko vizuri, umeinama upande wa ukutani, nikauacha hapo.

Jumatatu jioni mume wangu aliingia uani bila kijiti mdomoni. Tangu tuoane sikuwahi kumwona hivyo. Nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe, binti yangu anapuliza moto. Akasimama mlangoni, koti lake likaziba mwanga.

"Wamekataa," alisema.

"Wamekataa nini?"

"Zamu. Wamesema chakula bila nyama si zamu. Natakiwa kuirudia kesho, hotelini." Akalegeza tai. "Na yule bwana akacheka mbele ya watu wote, akaniuliza, 'Si pesa ziko kwa chungu?' Atiriri. Hiyo chungu ya tatu iko na nini?"

"Iko na ufa."

"Mbali na ufa."

"Funua uone," nikamwambia.

Nje, kwenye mfereji, wanawake walikuwa wameacha kuchota. Mlango wa jiko ulikuwa wazi na kila mmoja wao alimwona mgongo. Mume wangu akaingiza kichwa, akaingiza bega. Tai ikaning'inia juu ya moto. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alikuwa ameinama nusu. Mkono ukanyooka kuelekea ubaoni.

Niliogopa. Mtu anaweza kumdharau mtu na kumwogopa kwa wakati mmoja, wanawake wote wa umri wangu wanalijua hilo. Kama angeufunua, zile pesa zingekuwa zake. Hakuna mzee, wala chifu, wala baraza ambalo lingesema ni zangu, sembuse za msichana. Nilikuwa nimeshika mwiko, na kwa kweli sijui ningeutumia kwa kazi gani.

Mkono ukafika karibu na mfuniko, ukasimama. Huko mferejini mtu mmoja alikohoa. Mkono ukarudi. Mwanamume aliyeweza kuila shule yote ya mtoto wake, chapati kwa chapati, bila aibu, alishindwa na kipande cha udongo kwa sababu majirani walikuwa wakitazama. Lakini hakushindwa akili. Akamgeukia binti yangu.

"Wewe. Mfunulie baba."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Msichana anaweza kufunua chungu cha mama yake. Binti yangu akanitazama, nami sikuwa na la kumpa, wala jicho wala neno, kwa kuwa baba yake alikuwa akitutazama wote wawili. Akasimama. Akajifuta mikono kwenye gauni. Akaufunua.

Alitazama ndani kwa muda. Nilimwona akiyaona yote: kitambaa cha maua mekundu, shilingi, noti. Nilimwona akielewa ni za nini. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Ni mbegu za maharagwe, baba."

"Mbegu tu?"

"Mbegu tu. Na zimeingia wadudu." Akakishika chungu kwa mikono yote miwili, akakiinua kutoka ubaoni, akamwelekea. "Nikuletee uone?"

Mume wangu akarudi nyuma kana kwamba amenyooshewa kaa la moto, kichwa kikagonga bati la mlango. Alijua. Hakuwa mjinga kiasi hicho, na ingawa mtoto wake hakuwahi kumwambia uongo kabla ya hapo, huu aliutambua. Lakini ili amkanushe ilimbidi ainame juu ya chungu cha mkewe, achungulie, mbele ya mfereji mzima.

"Hapana," alisema. "Rudisha."

Binti yangu akakirudisha ubaoni. Akauweka mfuniko umeinama kidogo, upande wa ukutani, jinsi nilivyouweka mimi. Kisha akapiga magoti akaendelea kupuliza moto, na baba yake akatoka. Chakula kikaiva. Nilimpakulia wa kwanza, kabla ya baba yake, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kesho yake mume wangu alikwenda Thika, akaitimiza zamu. Jioni alirudi bila koti. Alikuwa ameliacha hotelini mpaka atakapolipa. Alipita mbele ya duka la Mhindi kwa shati, mabega yamemshuka, na mdomoni alikuwa na kijiti.

Januari nililipa karo kwa mkono wangu, nikanunua blanketi, na sanduku la bati nikalichagua lenye kufuli imara. Mume wangu hakuuliza pesa zimetoka wapi. Badala yake alianza kuwaambia watu kwamba amejinyima sana ili binti yake asome, na watu wakampongeza, naye akazipokea pongezi. Nilimwacha. Angeshiba hizo, kwani kitu kingine hakuwa nacho.

Asubuhi ya kuondoka, gari lilikuwa lile lile la makarani. Mume wangu alilibeba sanduku mpaka stesheni ya Ruiru, bado bila koti. Mimi nilibeba lile kopo la zamani, lililojaa viazi vitamu vya moto, limefungwa kwa kitambaa cha maua mekundu.

"Usimpe kopo," mume wangu alininong'oneza. "Watu watamwonaje?"

Binti yangu alimsikia. Akalipokea kopo kwa mikono miwili, akapanda, akapita viti vyote vya ndani mpaka akapata cha dirishani. Baba yake akakaa mbele yake, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine, na yule kapera mnene akajibana pembeni. Gari lilikuwa bado halijaondoka. Binti yangu akakifungua kitambaa, akakitandaza mapajani, akafunua kopo, akatoa kiazi. Akala pale dirishani, polepole, mbele ya stesheni nzima.

Mume wangu aliutazama ukuta wa gari. Mkono wake ukapanda kifuani, mahali ulipokuwa mfuko wa juu wa koti, ukagusa shati. Kapera alikitazama kile kiazi, akatabasamu, akanyoosha mkono.

Binti yangu akarudisha mfuniko.